Dawa Isiyotajwa Mbele ya Baba

Kilosa, Magomeni
8 Desemba 2024

Shangazi Hilda,

Dawa za mdogo wangu Boni hazikuishia zote chooni. Baba anaamini alizitupa zote, mama naye anaamini hivyo, lakini mimi nilichomoa pakiti kadhaa kwenye mfuko kabla baba hajaurudia, na tangu siku ile mimi ndiye ninayempa. Asubuhi mama akiwa gengeni, mchana akiwa jikoni, usiku ninapomlaza. Boni anadhani ni mchezo wetu. Sijamwambia mtu mwingine, hata padri.

Shikamoo shangazi. Nisamehe nimeanza kabla ya kukuamkia, niliogopa nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Sisi hatujambo. Nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, sasa niko nyumbani tu. Mama anauza mbogamboga palepale, baba anaendelea na kazi ya kuziba pancha za baiskeli. Simu ya nyumbani spika ya sikioni imekufa, inasikika kwa sauti kubwa tu, nyumba nzima inasikiliza. Ndiyo maana naandika.

Nikueleze ilivyokuwa. Oktoba tulienda Dar. Daktari alisema Boni amezaliwa na tundu kubwa katikati ya moyo. Damu inapita hapo na kukimbilia kwenye mapafu kwa nguvu kupita kiasi, mpaka mishipa ya mapafu imekuwa migumu na presha imepanda humo ndani. Wakiziba tundu presha ikiwa juu vile, moyo unaweza kushindwa palepale mezani. Kwa hiyo anywe kwanza dawa ya kulegeza mishipa ya mapafu, arudi mwishoni mwa Aprili wampime kwa mrija unaopita kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Dawa inaitwa sildenafili. Daktari alituonya: "Watu wanaijua dawa hii kwa kazi nyingine ya wanaume, msije mkashtuka." Baba alikuwa ametoka nje kutafuta maji ya kunywa. Mama aliona haya kumrudia maneno yale. Mimi ndiyo kabisa, ningeanzaje kumwambia baba yangu?

Basi baba akaenda duka la dawa la Mwinshehe kutafuta nyingine za akiba, mimi nikiwa nimemshikia baiskeli nje. Mwinshehe akaisoma karatasi, akatazama watu waliokaa kwenye benchi.

"Mzee Fortunatus, hizi za nani?"

"Za mtoto."

"Mtoto gani? Yule Boni?" Akaanza kucheka. "Mzee, hapa wote wanaume. Sema tu umefungua nyumba ndogo Tindiga, tukupongeze."

Mmoja akasema, "Atuachie na sisi mbili tatu!" Wakacheka mpaka mwingine akakohoa. Baba alisukuma baiskeli mpaka nyumbani bila kuipanda, akachukua mfuko wa dawa, akasema hospitali wamechanganya mafaili, wamempa mwanawe dawa ya mzee mwingine. Mama aliinama tu anachambua mchicha. Mimi pia niliinama.

Shangazi, zilizobaki zinakaribia kuisha. Nimesimama nje ya maduka ya dawa hapa mjini, nikiingia naishia kununua panadoli. Mambo ya namna hii msichana humwambia shangazi yake. Nimekuwekea kipande cha pakiti wakione dukani. Ninunulie huko, umpe mzigo mzee Lukasi, dereva wa basi la Kosta, mimi nitamsubiri stendi.

Mwanao,
Marselina


Mikumi
17 Desemba 2024

Mwanangu Marselina,

Marahaba, mama. Hapa Mikumi mimi mzima, miguu tu inavimba kwa kufua mashuka ya gesti. Tembo wamekula mahindi ya jirani. Msalimie mama yako, mwambie wifi yake anamkumbuka, na Boni mbusu mashavu yote mawili.

Nilicheka, kisha nikakaa kitandani nikaacha kucheka.

Nimeenda duka la pale malori yanapolala. Dawa hiyo hapa haikosekani, madereva wanainunua kama pipi. Dada wa dukani, Loveth, akanitazama juu mpaka chini. "Mama Yeremia! Mzee amerudi?"

"Mzee yuko kaburini mwaka wa sita. Akirudi nitakuletea wewe umpokee."

Tukacheka wote. Lakini alipoona sitanii, akaangalia kipande chako cha pakiti kwa makini, akanipa zenye nguvu ileile. Nimezishona ndani ya pindo la khanga. Ukiifungua tumia wembe, usivute.

Ziyeyushe kwenye maji upime kama ulivyoonyeshwa hospitali, usikadirie kwa jicho. Ningependa umwambie mama yako. Sikulazimishi.

Niandikie jambo moja: midomo yake ikoje akilia? Na kucha?

Shangazi yako,
Hildegarda


Kilosa, Magomeni
19 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Khanga nilipokea, mama akasema shangazi yako anakupenda sana, nikaona aibu. Matokeo bado. Mwarobaini wetu uliangushwa na upepo, haukumpiga mtu.

Boni amepata nafuu! Krismasi alicheza kwenye uwanja wa kanisa, akatoka huku mpaka kule bila kuchuchumaa. Zamani akikimbia kidogo alikuwa anachuchumaa na kuhema. Anakula. Ananiita "dokta" ninapomletea bomba la dawa lile lisilo na sindano, nami namziba mdomo asije akalisema mbele ya watu.

Mama anamwangalia, anamwambia baba, "Umeona? Maombi tu. Dawa zao za wazee hazikuhitajika." Baba anaitikia, "Wamekosea faili, nilisema." Sasa baba anasema hakuna haja ya kwenda Dar Aprili. Wangemkata mtoto mzima bure. Kwa hiyo, shangazi, dawa inamponya na papo hapo inamzuia asiende kutibiwa. Nikisema, watajua. Nisiposema, hataenda. Nalala na hilo.

Nilimuuliza mama kwa nini watu wa Mikumi wanakuita Mama Yeremia wakati hatujawahi kumwona Yeremia. Akasema, "Usimuulize shangazi yako kitu hicho." Nami nakuuliza. Kama nimekosea nisamehe.

Mwanao,
Marselina


Mikumi
23 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, gari la mzee Lukasi lilikuwa gereji. Nimesikia matokeo, hongera kwa daraja la pili! Nimemwambia kila mtu gestini, hata wageni. Kaka yangu alichinja kuku? Kama hakuchinja mwambie nakuja kumkamata huyo kuku mwenyewe.

Mimi mzima. Kwenye kwaya nimepumzika kidogo, sauti imechoka. Watu wa kwaya wana macho mengi siku hizi, wakiniona natoka duka la Loveth wanajua zaidi yangu. Tusizungumzie hayo.

Dawa hizo ndani ya pindo. Aprili lazima aende. Dawa hii inamshikilia tu, haizibi tundu. Tafuta siku baba yako akiwa ametulia.

Hujanijibu kuhusu midomo.

Shangazi yako


Kilosa, Magomeni
21 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mvua hainyeshi, inamwagika. Mto umepanda, watu wa bondeni wamehamishia magodoro shuleni. Sisi maji yamefika kizingitini yakarudi. Mama na baba wazima.

Boni si mzima. Nianze na midomo, kwa sababu uliniuliza na mimi nikakwepa. Ni ya bluu kama wino. Zamani ilikuwa hivyo akilia tu, sasa hata akiwa amekaa. Kucha pia, na ncha za vidole zimevimba kidogo. Usiku hawezi kulala chali, anataka nimwegemeze kifuani kwangu. Anakohoa kikohozi cha maji maji, na juzi makohozi yalitoka na povu lenye wekundu. Nililifuta kwa gauni langu kabla mama hajaliona. Nikalifua. Kisha nikajiuliza kwa nini nimelifua, mama angeliona angeshtuka tukaenda hospitali. Mkono ulifanya tu.

Ninafikiri dawa imekuwa ndogo kwake. Amekua, na mapafu yamezidi kubana. Nataka nimwongezee, nimpe mara mbili ya kipimo. Bomba ninalo mkononi kila jioni, nafika alama ileile naacha. Tafadhali nijibu haraka, ndiyo au hapana. Mzee Lukasi anasema barabara ya kijiji cha Ulaya inaweza kukatika wakati wowote, hili huenda likawa gari la mwisho.

Marselina


Mikumi
25 Machi 2025

Mwanangu mwanangu,

Sina salamu leo. Usiongeze. Hata tone. Nimemfuata nesi wa zahanati nyumbani kwake, nikamweleza yote, akasema mtoto anayetoa povu la damu huenda mapafu yake yamejaa maji. Hiyo si kazi ya kuongeza wala kupunguza dawa nyumbani, ni kazi ya hospitali leo hii, na daktari aambiwe kila kitu alichokuwa anameza. Kila kitu. Asipoambiwa atatibu gizani.

Nilipiga simu. Mama yako akapokea, akasema, "Hatujambo wote, wifi." Nikauliza Boni je? "Anacheza." Nikasikia kikohozi nyuma yake. Wewe, alisema, ulikuwa umeenda kuchota maji. Nikasema basi nawasalimu. Ningeweza kupiga kelele palepale. Sikupiga, nilimwogopa kaka yangu, mimi mtu mzima.

Sasa nikwambie kuhusu Yeremia ili umwelewe baba yako. Alikuwa mwanangu wa kwanza, tulipokuwa tunakaa kijijini Ulaya. Alikuwa anachuchumaa hivyohivyo. Midomo hiyohiyo. Hakuna aliyetuambia ni moyo. Siku alipozidiwa mimi nilikuwa na homa siwezi kusimama, kaka akamfunga mgongoni kwa khanga yangu, akapanda baiskeli kuelekea hospitali ya Kilosa. Njiani mtoto akanyamaza. Baba yako alijua. Lakini hakushuka. Aliendelea kukanyaga mpaka mjini, akaingia hospitali, akapanga foleni na mtoto mgongoni, akasogea na foleni mpaka zamu yake ikafika. Nesi ndiye aliyemfungua ile khanga. Hajawahi kunisimulia mwenyewe, nilisikia kwa watu waliokuwa kwenye foleni.

Si dawa anayoikataa, mama. Hawezi kupanga foleni ile tena.

Mwambie daktari. Baba yako akikasirika njoo kwangu, kitanda kipo.

Hildegarda


Kilosa, hospitali
2 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sijui barua hii utaipata lini, sijui kama ile ya Machi uliipata. Barabara imekatika, stendi mzee Lukasi hayupo. Nilitaka kukupigia kwa simu ya jirani, lakini jirani angekuwa amesimama pembeni.

Sikuongeza dawa. Sikupata jibu lako, nikaogopa, nikaacha ilivyo.

Juzi Boni alishindwa kabisa kuhema. Baba alimbeba. Nje maji yalikuwa magotini, akamweka juu ya mabega. Sijawahi kumwona baba anatembea haraka vile. Wamemwekea oksijeni. Mapovu yanapanda kwenye kichupa cha maji ukutani, mama anayatazama hayo badala ya kumtazama Boni.

Daktari kijana akaja, akasikiliza kifua. "Mapafu yana maji. Anatumia dawa yoyote?"

"Hatumii," baba akasema.

"Hata moja? Ya presha ya mapafu? Hapa kwenye cheti chake cha Dar naona aliandikiwa sildenafili."

"Tuliacha tangu mwaka jana. Haikuwa ya kwake."

Daktari akageuka kwa mama. Mama akasema, "Tuliacha." Kisha daktari akanitazama na mimi. Shangazi, alinitazama kabisa, kama anayesubiri. Niliangalia viatu vyake. Akaandika kitu, akaenda kitanda kingine.

Asubuhi nimempa tena, amelala na mrija wa oksijeni puani, akatabasamu akasema "dokta" bila sauti. Jioni bomba liko mfukoni mwa sketi yangu na sijui nikimpa namwua au nisipompa namwua. Mungu anisaidie niseme. Naogopa daktari akirudi nitaangalia tena viatu vyake.

Marselina


Dar es Salaam
4 Mei 2025

Shangazi Hilda,

Shikamoo. Boni yuko hai. Nimeliandika hilo kwanza ili usome mengine ukiwa umekaa.

Barua yako ya Machi nimeipata baada ya kila kitu. Mzee Lukasi alikwama nayo Ulaya maji yalipokata barabara, akaileta hospitali mwenyewe asubuhi tuliyokuwa tunapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Niliisoma njiani nikiwa nyuma ya gari, baba amekaa mbele yangu ameshika chupa ya dripu. Nilipofika kwenye khanga yako sikuweza kumwangalia.

Nilisema, shangazi. Jioni ileile niliyokuandikia. Boni alianza kugeuka rangi, nikamfuata daktari kwenye korido, nikamshika koti kwa nyuma kwa kuwa sikuweza kumwita. Nikatoa bomba mfukoni. Nikamwambia kila siku, mara tatu, tangu mwaka jana, ya mwisho asubuhi hii. Hakunigombeza. Aliuliza kipimo, nikamwonyesha alama. "Ulikuwa unapima vizuri," akasema, kisha akakimbia kupiga simu Dar.

Nilipogeuka baba alikuwa amesimama mlangoni. Amesikia yote. Nilijua atanipiga. Hakusogea. Macho yake yalikuwa juu ya lile bomba.

Huku wamemwingiza ule mrija wa pajani. Daktari wa moyo ni mama mtu mzima, alituchorea kwenye karatasi. Boni hana tundu tu. Mishipa miwili kati ya ile inayorudisha damu kutoka kwenye mapafu kwenda moyoni imebana, na imekuwa ikibana kidogo kidogo tangu Oktoba. Mwanzoni haikuonekana kwenye kipimo cha picha. Dawa ilifungua njia ya damu kuingia kwenye mapafu, nayo ilimsaidia kweli ile Krismasi. Lakini kadiri njia ya kutoka ilivyozidi kubana, damu iliyoingia ikakosa pa kupita, maji yakavuja ndani ya mapafu. Dawa ileile. Angepewa mara mbili, alisema, tusingekuwa tunazungumza hapa. Na wangemtibu Kilosa bila kujua kwamba anaimeza, wasingeelewa kwa nini maji hayapungui.

Nilimuuliza kama ni kosa la aliyekuwa anampa. Akasema kosa ni ugonjwa. Dawa waliandika wao, lakini mtoto anayeimeza lazima aangaliwe. Sijui kama alikuwa ananihurumia.

Wamepanua mishipa ile kwa puto dogo. Anahema vizuri kuliko mwezi uliopita, ila bado yuko chumba cha uangalizi. Tundu hawawezi kuliziba sasa, presha ya mapafu bado iko juu. Na mishipa hiyo ina tabia ya kubana tena. Huenda baada ya miezi, huenda mapema zaidi, na kila ikibana wataipanua tena, mpaka itakapokubali au itakapokataa. Hilo daktari amelisema mbele yetu wote watatu, hakuficha. Mama alilia bila sauti. Kisha akauliza, "Ni nani alikuwa anampa mwanangu dawa kwa siri?"

Daktari wa Kilosa alikuwa ameandika kwenye rufaa: dawa imeendelea kutolewa nyumbani. Hakuandika na nani.

Nilifungua mdomo, shangazi. Nakuapia nilifungua.

Baba akasema, "Mimi."

Mama akamgeukia. "Wewe? Si ulizitupa?"

"Nilitupa nusu. Nusu nikaficha. Niliona haya kukwambia nimebadili mawazo." Akasema hivyo akiangalia sakafu, taratibu, kama mtu anayehesabu misumari.

"Usiku mwanangu anakosa pumzi, umekaa kimya?"

"Nilikaa kimya."

Mama hajasema naye tangu siku hiyo. Anakaa upande mmoja wa kitanda cha Boni, baba upande mwingine, na mimi miguuni. Akitaka kumwambia kitu ananiambia mimi, "Mwambie baba yako asogee." Baba anasogea. Usiku analala kwenye benchi la nje na wale wanaume wengine wenye watoto wa moyo. Jana nilimfuata, nikamwambia baba, nitamwambia mama ukweli. Akasema, "Subiri kwanza. Usiku mama yako anakushika mkono wewe. Akikuachia wewe, atamshika nani?" Nikamwambia si haki. Akasema, "Mimi nimezoea kubeba." Mimi sikumwambia kwamba najua kuhusu foleni.

Nitasema, shangazi. Mama akipata usingizi, Boni akitoka kwenye chumba hicho, nitasema kwa mdomo wangu, hata kama atanichukia. Lakini si leo. Leo akiniachia mkono nadhani sote tutaanguka.

Kwa hiyo nakuomba, mama atakupigia. Atakulalamikia kuhusu kaka yako, atasema maneno mabaya sana juu yake, na utatamani kumtetea. Msikilize tu. Mwitikie, "Ndiyo, wifi." Usimwambie ni mimi, usimwambie mtu yeyote mpaka nitakapomwambia mwenyewe.

Mwanao,
Marselina